504 ya Mzee Mutiso

Ninyi mnaoanza kazi ya bodi sasa mna kifaa kidogo cha kupima unene wa rangi bila kuukwaruza mlango. Mimi nilianza na sumaku iliyong'olewa kwenye spika ya redio mbovu. Unaipitisha juu ya digadi, pale juu ya gurudumu, polepole. Ikishika, hapo pana chuma. Ikidondoka, hapo pana fila iliyozibia tundu, na chini ya fila pana uongo wa fundi aliyekutangulia. Sina ugomvi na kifaa chenu. Nasema tu kwamba sumaku ilinifundisha kuanza kuushuku uzuri wa gari kabla ya ubaya wake, na tabia hiyo imenifaa.

Nimeacha kazi mwaka huu, nikiwa na miaka arobaini na saba. Si uzee, ni mapafu. Ile dawa tunayochanganya kwenye rangi ili ikauke ngumu, ukiivuta kwa miaka mingi, siku moja kifua kinafunga na hakifunguki vizuri tena. Daktari aliniuliza nimepulizia rangi muda gani bila barakoa yenye hewa yake. Nikamwambia hiyo yenye hewa yake nilikutana nayo Springfield, Virginia. Kabla ya hapo, Tanga, Arusha, Nairobi, na mwaka mmoja Durban, nilijifunga kitambaa puani. Basi vaeni barakoa. Hilo nimelisema na sitalirudia.

Mimi ni mtu wa kuhama. Kila mji nimekaa mpaka nikaizoea harufu ya mvua yake, kisha nikaanza kuikumbuka mvua ya mji niliotoka. Huku pembezoni mwa Washington ndiko nilikokaa muda mrefu kuliko kote, na sababu kubwa ni karakana moja ya Lanham, Maryland, nyuma ya maduka ya matairi, na gari moja lililoingia pale likiwa limeoza.

Ila kwanza niwaambie nilikotoka, msije mkadhani nilizaliwa najua. Tanga, karakana yangu ya kwanza, tulikuwa tukiziba matundu ya kutu kwa gazeti. Unalikunja, unalishindilia, unapaka fila juu, unapiga msasa, unapiga rangi. Gari linaondoka linameremeta. Mzee mmoja alirudi baada ya miezi minne ameshika kipande cha fila kikubwa kama sahani, na mgongoni mwa kile kipande gazeti bado linasomeka.

"Mwanangu," akaniambia bila hasira yoyote, "nimesoma matokeo ya mpira kwenye mlango wangu."

Afadhali angenitukana.

Huyo aliyeninyoosha mimi mwenyewe ni Mzee Kabeya, Mkongo wa Lubumbashi, mwenye ile karakana ya Lanham. Mwili mdogo, sauti kubwa, na mkono wa kulia umevaa soksi nyeupe ya pamba kutwa nzima. Wateja wapya walidhani ameungua. Siku yangu ya kwanza nilikwenda moja kwa moja kwenye mlango uliokwisha kuvuliwa rangi, nikaupapasa kutafuta mabonde, maana bonde dogo jicho halilioni ila kiganja kinalisikia. Nilidhani namwonyesha ujuzi.

"Weye!" Kabeya alipiga kelele kutoka upande wa pili. "Ile tôle unaiguza na mukono mutupu?"

"Natafuta bonde, mzee."

"Mukono yako iko na chumvi. Iko na mafuta. Umetoka kula, unakuya kuguza tôle yangu!" Akavua soksi yake akanirushia. "Vala. Na ukitaka kuguza kitu na mukono mutupu, nenda nyumbani, guza bibi yako."

Kuanzia siku ile tulikuwa wanaume wawili wenye soksi mkononi. Nami nikaipenda ile kanuni, kwa sababu inaonekana ni ya kipuuzi mpaka siku utakapoivunja. Chuma kilichovuliwa rangi hakina ngozi. Jasho la kidole linatosha kukianzishia kutu, na kutu hiyo huioni leo. Utaiona ukishamaliza kila kitu na kupongezwa.

Mzee Mutiso aliileta 504 yake, gari la zamani la Kifaransa, mwezi Machi juu ya gari la kuvuta. Alikuwa Mkamba wa Machakos, karani mstaafu aliyekuwa akifanya kazi ofisini Upper Marlboro, mrefu, mwenye kofia ya sufu kiangazi na masika. Gari alilikuta kwenye ghala la shamba moja huko Virginia. Kuku walikuwa wakilala ndani yake. Mkewe, Mama Ndinda, nesi wa miaka mingi, alikuja nyuma na gari lake mwenyewe, akashuka, akaiangalia ile 504 kuanzia taa mpaka buti.

"Fundi," akaniuliza, "hii ni gari ama ni kichujio cha chai?"

"Itapona, mama."

"Si ndio mnasemanga hivyo."

Mzee Mutiso hakucheka. Alinishika bega akanipeleka kando, akanieleza. Kwao, enzi za ujana wake, mwalimu mkuu ndiye aliyekuwa na 504, rangi ya krimu, na kila arusi ya maana bibi arusi alipelekwa kanisani na gari lile. Yeye naye aliliomba kwa ajili ya arusi yake. Siku yenyewe likakataa kuwaka, na Mama Ndinda akafika kanisani kwenye lori la mchanga.

"Na mchanga ulikuwemo," Mama Ndinda alisema kutoka kule alikosimama. Alikuwa akisikia kila neno.

Sasa binti yao wa pekee, Ndinda, alikuwa anaolewa Oktoba. Baba yake alitaka kumpeleka kanisani kwenye 504 ya krimu, akiendesha yeye mwenyewe. Aliposema "mwenyewe" alitazama chini, nikaona vifundo vyake vya miguu vimevimba juu ya viatu. Figo zilikuwa zimeanza kumtupa mkono. Hakujua atakuwa na nguvu mpaka lini.

Basi tukaanza. Gari bovu linavuliwa kuanzia chini, kwa sababu maji hukaa chini. Ng'oa mapambo yote, kila bolti kwenye mfuko wake, andika juu ya mfuko. Usiitegemee akili yako, baada ya miezi mitatu hutajua bolti ipi ni ya wapi. Chukua bisibisi butu ugonge kingo za sakafu. Pazima panalia, palipooza panameza. Usikate kidogo kwa huruma. Kata mpaka ufike kwenye chuma kinacholia, hata kama tundu litatosha kupitisha kichwa. Na ukichomelea kiraka, weka tone moja hapa, tone jingine mbali kule, halafu kanywe chai. Ukichomelea mfululizo, bati linapata joto na kujikunja kama karatasi iliyolowa, na hapo ndipo unapokimbilia fila, ukarudi Tanga kule kwangu.

Ile 504 ilikuwa na rangi nne, moja juu ya nyingine. Mzee Mutiso alikuja kila alipojisikia vizuri, akakaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, akatazama tunavyozivua. Bluu, kisha kijani ya ovyo, kisha nyeupe, na chini kabisa krimu. Siku krimu ilipotokea alinyanyuka. Alisimama tu huku ameshika kofia yake.

Katikati ya Juni, Ijumaa moja, nilikuwa peke yangu. Kabeya alikuwa ameenda msibani Ohio. Asubuhi ile nilimaliza kupiga msasa boneti, paa na madigadi yote mawili ya mbele mpaka chuma kikawa cheupe kama kijiko. Kiangazi cha Maryland hewa ina maji kama iliyotoka kwenye sufuria, kwa hiyo chuma kikishakuwa kitupu kinapigwa praima, ile rangi ya kwanza ya kinga, siku hiyo hiyo. Nilishachanganya praima. Saa saba mchana magari matatu yakaingia uani.

Walikuwa watu wa kikundi cha maombi cha akina Mutiso, kumi na wawili hivi, wengi wao wanawake, wengine bado na nguo za kazi za hospitali na za nyumba za wazee. Walibeba chapati kwenye foili na chupa mbili za chai. Mzee Mutiso alikuwa katikati yao, anatembea kwa fimbo. Jumatatu angefanyiwa upasuaji wa mkono ili aanze kusafishwa damu kwa mashine. Alikuwa amewaambia kwamba kama ni kumwombea, wamwombee pale ilipo gari yake.

"Fundi, hatutakuchelewesha," mchungaji aliniambia.

Sasa nisikilizeni. Mimi ni Mwislamu, mtu wa Tanga, na hawa walikuwa wageni wangu, wakubwa kwangu, wamekuja na mgonjwa na mauti yako karibu. Mzee Mutiso aliweka kiganja chake juu ya boneti. Mchungaji akaweka chake. Kisha wote wakaja, wengine wakashika mabega ya mzee, wengine wakashika gari, kwenye boneti, kwenye paa, kwenye madigadi. Mikono mitupu, juu ya chuma kitupu, katika joto lile. Kanuni nilikuwa nayo mdomoni. Nilitakiwa kusema maneno matatu tu, "Jamani, msiliguse gari." Niliona ni utovu wa adabu. Niliona wataniona ninathamini bati kuliko mtu. Nikainamisha kichwa, nikasema amina yangu kimoyomoyo.

Waliomba kwa muda wa karibu saa mbili. Mwishoni mchungaji alitoa kichupa cha mafuta ya zeituni, akampaka mzee kwenye paji la uso, kisha akachora msalaba mdogo kwenye boneti. Tulipokwisha kula chapati, Mama Ndinda alinifuata.

"Hayo mafuta, fundi, wacha yakae kidogo. Usiyapanguse leo."

"Sawa, mama," nikasema.

Praima niliyoichanganya ikagandia kwenye kopo. Jumamosi ningeweza kurudi. Sikurudi. Nilijiambia kwamba nimeahidi.

Jumatatu asubuhi nilifungua mlango nikaziona. Viganja. Vya rangi ya chai nyepesi, vidole vyote vitano, kumi na moja kwa hesabu yangu, vimetawanyika juu ya chuma. Dawa yake naijua na ninyi mnaijua, unarudi na msasa mpaka chuma kiwe cheupe tena, unafuta kwa thina na kitambaa safi, unageuza kitambaa, unafuta tena. Kazi ya nusu siku. Nilikuwa nimeshashika msasa simu ilipolia. Mama Ndinda.

"Fundi, ametoka salama! Daktari amefurahi. Maombi yamejibiwa, mwambie na mwenzako."

Nikamwambia nashukuru. Nikageuka, nikaviangalia vile viganja, na mkono ukawa mzito. Nilipitisha msasa juu juu tu, kama mtu anayefuta meza ya mtu aliyelala. Nikafuta kwa thina mara moja. Rangi ya chai ilififia, sikuiona tena. Nikapiga praima.

Hilo ndilo kosa langu, na nimelieleza kirefu makusudi. Sikukosa kwa kutojua. Kazi niliijua vizuri, ila niliona haya.

Agosti tuliipiga krimu. Mzee Kabeya, ambaye sifa kwake ni kama jino la kung'olewa, alizunguka gari mara mbili akasema, "Ça va," yaani si mbaya. Wiki ya kwanza ya Septemba nikalisukuma nje likae juani, kwa sababu rangi mpya inatakiwa kuonja jua kabla hujamkabidhi mwenyewe. Siku ya tatu nilipita na soksi yangu juu ya boneti nikasikia chunusi. Nikainama usawa wa jicho. Malengelenge, madogo kama mbegu za papai, yamepangana. Nilisogea pembeni nikayatazama dhidi ya mwanga, na hapo nikaona yamepangana namna gani. Vidole vitano na kiganja. Na kingine. Na kingine juu ya paa.

Nililirudisha gari ndani nikalifunika turubai.

Siku kumi nilimwambia Mzee Mutiso kwenye simu kwamba rangi inahitaji kukauka zaidi. Alikuwa akienda kwenye mashine mara tatu kwa wiki sasa, sauti imekuwa nyembamba. "Sawa, fundi, wewe ndio unajua," alisema kila mara. Kabeya naye nilimwambia najaribu kuzuia vumbi. Siku ya kumi na moja alilivuta turubai mwenyewe. Alitazama kwa muda, kisha akavua soksi yake, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya mbele ya gari, akaviweka vidole vyake juu ya vile vidole.

"Ni nani huyu?"

Nikamweleza yote.

"Uliona?" akauliza. "Kabla ya praima, uliona?"

"Niliona."

"Na siku kumi unadanganya mugonjwa." Hakupiga kelele. "Unaita mwenye gari. Leo. Mi sitasema kitu, utasema weye."

Walikuja alasiri, wametoka kwenye mashine. Mzee Mutiso alikuwa na bandeji mkononi na amepungua sana ndani ya koti. Nilikuwa nimepanga maneno, nikayasahau. Nilitoa turubai tu. Mama Ndinda aliinama kama nilivyoinama mimi, akasogea pembeni, akapata mwanga. Nilimwona alipoelewa. Aliweka kiganja chake kwenye digadi la kushoto, juu ya kile kiganja cha malengelenge. Kilimtosha kila kidole.

"Huyu ni mimi," akasema.

Nikawaambia kwamba chuma kitupu hakiguswi kwa mkono, kwamba nilijua tangu walipoingia, na kwamba niliona haya kuwazuia kwa ajili ya maombi. Nikawaambia na lile la kupiga msasa juu juu. Nikawaambia na la siku kumi.

Mama Ndinda alinitazama kwa uso ambao nadhani wagonjwa wake wakaidi wanaujua.

"Fundi, mimi ni nesi. Nimevaa glavu miaka ishirini na tano. Wale wamama wote uliowaona, kila mmoja ana glavu ndani ya mkoba, saa hii, hata kanisani. Ungesema tu. 'Mama, vaeni glavu.' Tungevaa! Tungeomba na glavu. Unafikiria Mungu hajui glavu?"

Nilianza kulikunja turubai.

"Uliona sisi ni watu wa kukasirika," akaendelea. "Ati tutachukia. Ulituhurumia na hukutuuliza."

Mzee Mutiso alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki. Mabega yakaanza kutikisika, nikaogopa, kisha nikaona anacheka.

"Kwa hivyo Mungu alisikia," akasema, "ni rangi ndio ilikataa."

"Wewe nyamaza," mkewe akamwambia, lakini naye kicheko kilimponyoka mdomoni.

Vijana, nimebeba aibu nyingi katika miji mingi, ila hakuna iliyonifundisha kama ile. Nilidhani adabu ni kunyamaza mbele ya watu wazima. Wale watu wangenielewa haraka kuliko fundi yeyote. Mkono, uchafu na ngozi isiyo na kinga ndiyo kazi yao ya kila siku. Mimi niliwaona ni waombaji tu, nikasahau kuwaangalia nguo walizovaa.

Arusi ilikuwa imebaki wiki tatu na siku mbili. Tulilivua gari upya. Lote, si boneti na paa tu, kwa sababu sikujua tena ni wapi pengine nilipita juu juu. Tulifanya kazi hata siku za Jumapili. Kabeya alifanya na mimi bega kwa bega, na hakulitaja lile kosa hata mara moja, jambo lililoniuma zaidi ya kulitaja.

Siku chuma kilipokuwa cheupe tena, kabla ya praima, nilimpigia Mama Ndinda nikamwambia kama wanataka kuomba, waje kabla ya saa nne, na nikataja glavu. Walikuja wanne tu na mchungaji. Glavu zao za buluu zilitoa mlio mdogo walipozivuta. Mchungaji alikuwa hana. Kabeya alitoa soksi safi mfukoni akampa.

"Iko propre," akamhakikishia.

Mchungaji aliivaa. Walipomaliza, Mama Ndinda ndiye aliyenigeukia akasema, "Haya, sasa panguza, tuone." Nikafuta, nikageuza kitambaa, nikafuta tena, wote wakitazama.

Jumanne ya wiki ya arusi gari zima lilikuwa la kijivu cha praima, kavu, limenyooka, halina mng'ao wowote. Bado fila nyembamba ya mwisho, bado msasa wa maji, bado rangi. Nilimpigia Mzee Mutiso, nikamwambia ukweli wote safari hii. Nikamwambia naweza kuruka hatua na kupiga krimu Alhamisi. Jumamosi litang'aa, na kwenye picha hakuna atakayejua. Lakini mwakani, au mwaka wa pili, litaanza kubanduka. Au aliendeshe hivi hivi, kijivu, na nilimalize kwa utaratibu wake.

Nilisikia kwenye simu akivuta kiti na kukaa.

"Mwakani mimi nitakuwa wapi, fundi?"

Lilikuwa swali la kweli, na jibu lake tulilijua wote wawili. Mtu wa namna ile ana haki ya kuchagua mng'ao. Nilikwishaanza kuhesabu saa za Alhamisi kichwani.

"Lakini Ndinda atakuwa hapa," akasema. "Hiyo gari ni yake nikitoka. Sitaki akiiosha imbanduke mkononi. Wacha ikuje hivyo."

Jumamosi aliingia nyuma ya usukani mwenyewe. Nilimfungia mkanda kwa sababu mkono wenye bandeji haukutaka kujipinda. Ndinda alikaa nyuma na gauni lake lote jeupe, limejaza kiti mpaka madirishani. Alipoliona gari mara ya kwanza asubuhi ile alimtazama baba yake, kisha mimi, akasema kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba linafanana na tembo. Kisha akampa baba yake busu juu ya ile kofia ya sufu.

Mimi na Kabeya tuliwafuata na gari la karakana, tukiwa na boksi la vifaa, kwa sababu injini ilikuwa ya kuku wale wale na hatukuiamini. Kutoka Upper Marlboro mpaka kanisani Lanham aliendesha taratibu kiasi kwamba watu walitupita wakipiga honi, wengine kwa hasira, wengine wakinyanyua dole gumba. Alibadilisha gia kwa uangalifu, kama mtu anayemvusha mtoto barabara.

Kanisani wageni walikuwa wamejipanga nje. Mama Ndinda alikuwa mbele kabisa, amevaa gauni la kijani, mchungaji pembeni yake. Walipoiona 504 wanawake wakaanza vigelegele. Mzee Mutiso aliingia kwenye uwanja wa kuegeshea, akafika mlangoni mwa kanisa, akapunguza mwendo. Mchungaji akanyoosha mkono kufungua mlango wa nyuma.

Gari halikusimama. Lilipita.

Lilizunguka uwanja wote, polepole, mkono wa Ndinda nje ya dirisha ukipunga, likarudi mlangoni pa kanisa, na likapita tena.

"Iko na shida ya breki?" Kabeya aliniuliza, ameshashika boksi la vifaa.

"Hapana, mzee."

Safari ya tatu watu walikuwa wanacheka na kupiga makofi, mchungaji anaonyesha saa yake, na Mama Ndinda ameweka mikono kiunoni. Alipaza sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Baba Ndinda! Simamisha hiyo gari, mtoto aolewe!" Alikuwa akilia. Mzee Mutiso alimpungia mkono kama mtu anayempita jirani njiani, akazunguka tena.

Krimu niliipiga Aprili iliyofuata. Ilikuwa kazi yangu ya mwisho kubwa kabla kifua hakijakataa, na niliifanya kwa hatua zake zote, nikiwa nimevaa kila kilichotakiwa kuvaliwa. Ndinda huniletea nilitazame. Nimeliinamia katika jua la Juni na katika jua la Agosti, na rangi haijainuka hata mahali pamoja.

Mzee Mutiso tulimzika Februari, kabla ya krimu hiyo. Gari lake aliliendesha likiwa la kijivu tu.